Kuishi bila stima Nairobi: mwongozo kamili wa sola ndogo isiyozima Julai

Wengi wanaojitoa kwenye stima, au wanaohamia ploti ambayo nguzo bado haijaifikia, huendelea vizuri hadi Juni. Sola waliyofunga Januari imekuwa ikiwaka hadi usiku wa manane na simu zinajaa. Halafu inaingia Julai. Mawingu yanakaa juu ya jiji siku tatu nne mfululizo, taa zinazima saa mbili usiku, na kufikia Septemba betri haishiki chaji tena. Lawama zote huenda kwa betri. Mara nyingi kosa lilitokea dukani: vifaa vilipimwa kwa jua la Januari, na betri ikaachwa iishe chaji kabisa usiku baada ya usiku.

Mwongozo huu ni wa chumba kimoja au viwili, kwa mtu anayeweza kufika kwenye paa. Kama umepanga, ongea na mwenye nyumba au keateka kabla ya kutoboa bati hata moja.

## Kwanza, gawa kazi za nyumba

Kuchemsha lita moja na nusu ya maji ya chai kwa stima hula karibu wati-saa 130 (wati-saa ni wati za kifaa zikizidishwa kwa saa kinazowaka). Hizo wati-saa 130 zinatosha kuwasha taa tatu jioni nzima, kuchaji simu mbili na kusikiliza redio. Ndiyo maana kazi za joto hazina nafasi kwenye sola ndogo: kupika, kupasha maji ya kuoga, kupiga pasi. Hizo ziachie gesi na makaa.

Sola ibaki na taa, simu na redio. Anayejaribu kuongeza birika au pasi ya stima hupoteza vyote viwili: birika halichemki na taa hazifiki asubuhi.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Paneli ya wati 80, ya volti 12.
- Betri moja: ya lithiamu aina ya LiFePO4, volti 12.8, ampea-saa 30. Au ya asidi ya sola, volti 12, ampea-saa 50.
- Chaji kontrola (kifaa kinachokaa kati ya paneli, betri na taa, na kuongoza chaji) ya ampea 10, yenye skrini na inayokubali kubadilishiwa volti za kuzima.
- Balbu tatu za LED za volti 12 DC, wati 5 kila moja, na swichi zake.
- Soketi ya chaja ya gari pamoja na chaja yake ya USB.
- Waya ya shaba ya milimita mraba 2.5, nyekundu na nyeusi, kutoka paneli hadi kontrola na kutoka kontrola hadi betri. Ya milimita mraba 1.5 kwa taa.
- Fyuzi ya gari ya ampea 15 na kishikio chake, pamoja na fyuzi mbili za akiba.
- Vyuma vya pembe, bolti, na washa za mpira za kuzuia maji kwenye bati.
- Maltimita, kipimo cha volti na ampea. Usiiache dukani ukidhani unabana matumizi. Bila hiyo, kila hatua inayofuata ni kubahatisha.

Ukiwa Luthuli Avenue mjini au duka lolote la sola, pima kabla ya kulipa. Zidisha urefu wa paneli kwa upana wake. Paneli iliyoandikwa wati 80 ambayo eneo lake halifiki mita mraba 0.35 haiwezi kutoa wati 80, hata muuzaji aseme nini. Yenye sentimita 60 kwa 50, kwa mfano, ina mita mraba 0.3 tu. Betri ya asidi nayo iinue. Ya ampea-saa 50 huwa na karibu kilo 14 au zaidi, na ukiona ni nyepesi mno, jua madini ya risasi yaliyomo ndani ni machache.

Usinunue betri ya gari kwa sababu ni rahisi kupata. Sahani zake za risasi zilizo ndani ni nyembamba. Zimetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache injini inapowaka, kisha kujazwa mara moja. Ukiitumia taa kila usiku, haitamaliza mwaka.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya Julai

Orodhesha kila kitu, zidisha wati kwa saa:

- Taa 3 × wati 5 × saa 4 = wati-saa 60
- Simu 2, kila moja wati-saa 25 pamoja na zinazopotea njiani = wati-saa 50
- Redio ya wati 5 × saa 4 = wati-saa 20

Jumla ni wati-saa 130 kwa siku.

Betri. Ihesabie siku mbili bila jua la maana: 130 × 2 = wati-saa 260. Betri ya asidi haifai kutumiwa kupita nusu, kwa hiyo ya 50Ah (12 × 50 = wati-saa 600) inakupa 300. Ya LiFePO4 unaweza kuitumia hadi asilimia 80, kwa hiyo ya 30Ah (12.8 × 30 = 384) inakupa karibu 307. Zote mbili zinatosha. Kama mfuko unaruhusu, chukua lithiamu, kwani huvumilia kujazwa na kutumiwa mara nyingi zaidi, na kubaki na nusu ya chaji kwa siku kadhaa hakuiumizi. Betri ya asidi ikikaa na nusu ya chaji kwa wiki nzima ya mawingu, sahani zake hujifunika chumvi ngumu ya salfeti na hazirudi tena kama zilivyokuwa.

Paneli. Januari na Februari Nairobi hupata jua linalolingana na saa 6 hivi za jua kali kwa siku. Julai hesabu saa 3.5. Toa pia asilimia 30 ya vumbi, joto, waya na kontrola:

80 × 3.5 × 0.7 = wati-saa 196.

Unatumia 130, na zinazobaki ndizo zinazorudisha betri juu baada ya siku mbaya. Ukirudia hesabu hiyohiyo kwa paneli ya wati 40 utapata 98. Hapo kila siku ya Julai unaingia deni la wati-saa 32, na betri ndiyo inayolipa.

Ukitaka kuongeza televisheni au taa ya nje, rudia hesabu yote kabla ya kununua. Kinachoongezwa baadaye bila hesabu ndicho huua mtambo.

## Hatua ya 2: Tafuta mahali pa paneli

Panda juu saa nne asubuhi, saa saba mchana na saa tisa alasiri. Unatafuta mahali ambapo hakuna kivuli saa zote tatu. Angalia tangi la maji la jirani, kamba za kuanikia nguo, antena, na jengo linaloendelea kupanda orofa upande wa pili wa barabara.

Kivuli kidogo kina madhara makubwa kuliko kinavyoonekana. Seli za paneli zimeunganishwa kwa mfuatano, kwa hiyo kivuli cha bomba kwenye kona moja kinaweza kukata nusu ya nguvu au zaidi.

Kama unaishi orofa ya kati na paa limefungwa kwa kufuli, usitundike paneli kwenye grili ya dirisha ukitumaini. Mwanga wa pembeni wa saa mbili tatu hautajaza betri hii. Afadhali taa za sola za kubeba, unazoweza kuzianika mahali penye jua na kuzirudisha ndani jioni.

## Hatua ya 3: Funga paneli

Elekeza paneli kaskazini. Nairobi iko kusini kidogo ya ikweta, na Juni hadi Agosti, miezi unayoihitaji zaidi, jua hupita upande wa kaskazini.

Iinamishe nyuzi 10 hadi 15. Kwa paneli ya urefu wa sentimita 90, inua upande wa kusini sentimita 16 hadi 23. Mwinamo huo unatosha mvua ioshe vumbi. Paneli iliyolala kabisa hubaki na tope kwenye ukingo wa chini, na tope hilo ni kivuli.

Acha nafasi ya sentimita 10 kati ya paneli na bati. Bati la mchana huchemka, na paneli ikipata joto volti zake hushuka.

Toboa bati kwenye mgongo wa wimbi. Maji ya mvua hupita bondeni, na tundu la bondeni litavuja hata ukiliwekea washa. Kwenye fremu ya paneli tumia matundu yaliyotoka kiwandani. Kutoboa mapya kunaweza kupasua kioo.

Wizi upo. Mwambie fundi wa kuchomelea akutengenezee fremu ya vyuma vya pembe, kisha achomelee nati baada ya kukaza, paneli ikiwa imefunikwa gunia bichi lisipitishe cheche.

Umefaulu ikiwa: ukiisukuma kwa mkono haitikisiki, na ukiimwagia ndoo ya maji hakuna tone linaloingia ndani.

## Hatua ya 4: Pitisha waya

Hapa ndipo watu hubana shilingi na kupoteza nusu ya mtambo. Paneli hii hutoa karibu ampea 4.4. Ikiwa umbali wa paa hadi kontrola ni mita 10, umeme husafiri mita 20, kwenda na kurudi. Kwenye waya ya milimita mraba 2.5 unapoteza karibu volti 0.6. Kwenye waya nyembamba ya milimita mraba 1 unapoteza volti 1.5. Mchana wa joto paneli inaweza kushuka hadi volti 16. Ondoa 1.5, zinabaki 14.5, na betri inahitaji 14.4 ili ijae. Kiunganisho kimoja kikilegea, betri haitajaa milele, na kwenye skrini utaona tu kwamba "inachaji".

Kabla waya haijaingia tunduni, iache ining'inie chini kidogo ya tundu ndipo ipande. Maji yatadondokea hapo badala ya kufuata waya hadi kwenye kontrola.

Nyekundu ni chanya, nyeusi ni hasi, bila kubadilisha njiani. Viungo vya kusokota kwa mkono na kufunga seloteipu ya kawaida havikubaliki. Tumia viunganishi vya skrubu.

## Hatua ya 5: Unganisha kwa mpangilio huu

Mpangilio una sababu. Kontrola hujua ni mtambo wa volti ngapi kwa kusoma betri kwanza. Ukianza na paneli, inapokea volti 20 na zaidi bila betri ya kuzipokea, na nyingine huungua hapohapo.

1. Vua pete, saa na bangili. Betri ikiguswa ncha mbili na chuma hutoa mkondo mkubwa sana, na pete hugeuka kaa la moto kidoleni.
2. Funga kishikio cha fyuzi kwenye waya nyekundu, ndani ya sentimita 20 kutoka betri. Fyuzi yenyewe isiwemo bado. Fyuzi ikiwa mbali na betri, kipande kilicho kabla yake hakina ulinzi.
3. Unganisha kontrola na betri, hasi kwanza, kisha chanya. Sasa tia fyuzi. Skrini iwake na kuonyesha volti kati ya 12 na 13.5.
4. Funika paneli kwa blanketi. Pima waya zake kwa maltimita ukifunua kidogo. Jua likiwepo utaona volti 20 hadi 22. Ukiona alama ya kutoa mbele ya namba, umegeuza chanya na hasi. Irekebishe kabla ya kuunganisha.
5. Unganisha paneli, ondoa blanketi.
6. Mwisho unganisha taa na soketi ya simu kwenye upande wa kontrola wenye alama ya balbu.

Ukifungua siku nyingine, rudi kinyume: taa, paneli, betri.

Betri ya asidi ikae mahali penye hewa, mbali na jiko na kitanda, kwa sababu ikichaji hutoa gesi inayoshika moto. Ile ya kuongezwa maji, iongeze maji ya betri pekee. Maji ya mfereji yana madini yanayoharibu sahani.

## Hatua ya 6: Badilisha volti za kuzima

Kontrola nyingi za bei nafuu hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa kuzima taa betri ikifika volti 10.7. Kwa taa ndogo kama hizi, betri ya asidi ikifika hapo imekwisha kabisa. Mtambo unaonekana mzuri kwa sababu taa zinafika alfajiri, kumbe kila usiku unakula uhai wa betri.

- Kuzima: volti 12.0, kwa aina zote mbili.
- Kuwasha tena: 12.6 kwa asidi, 13.0 kwa lithiamu.
- Kikomo cha kujaza: 14.4.
- Kwa lithiamu, chagua aina ya betri hiyo kwenye menyu, na kama kuna chaji ya kusawazisha, izime.

Taa zikizima mapema usiku wa kwanza wa mawingu, usirudishe namba chini. Kontrola inafanya kazi uliyoinunulia.

## Hatua ya 7: Wiki ya kupima

Pima betri kila asubuhi kabla ya jua kuipata, taa zikiwa zimezimwa. Andika ukutani.

Betri ya asidi: 12.7 imejaa, 12.4 ina robo tatu, 12.2 ni nusu. Ukikuta chini ya 12.2 asubuhi mbili mfululizo, punguza matumizi usiku huohuo. Betri ya lithiamu haisomeki hivyo, kwani hukaa karibu 13.2 muda mrefu kisha hushuka ghafla. Ikiwa juu ya 13.0 uko sawa.

Umefaulu ikiwa: mchana wa jua kali skrini inaonyesha ampea 3.5 au zaidi, na kabla ya saa tisa alasiri betri imefika 14.4 na mkondo umeanza kupungua wenyewe.

## Onyo kuhusu inveta

Inveta hugeuza volti 12 kuwa 240 na inavutia kwa sababu chaja ya kawaida inachomeka. Lakini inveta ndogo hula wati 5 hadi 10 ikiwa imewashwa tu, bila kitu. Kwa saa 24 hizo ni wati-saa 120 hadi 240, yaani bajeti yote ya nyumba au karibu mara mbili yake, bila kuwasha taa hata moja. Ndiyo maana simu huchajiwa kwa chaja ya gari moja kwa moja.

Kama lazima uwe nayo kwa kazi fulani, iunganishe kwenye betri kupitia fyuzi yake, iwashe kwa kazi hiyo, kisha izime. Usiifunge kwenye upande wa taa wa kontrola, kwani itauchoma.

## Moto: pika kidogo, funika sana

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Maharagwe huchelewa kuiva hapa kuliko Mombasa, na gesi au makaa huishia hapo. Suluhisho ni kikapu cha kupikia: kikapu au boksi lililopangwa sponji au mablanketi mazee unene wa sentimita 10 kila upande, chini na juu pia.

Kwa maharagwe nusu kilo:

1. Loweka saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo, weka mapya.
2. Chemsha kwa nguvu dakika 30 kamili. Usipunguze. Maharagwe mekundu yasiyochemka vizuri yana sumu inayotapisha, na joto la kikapu pekee haliiondoi.
3. Sufuria iwe imejaa theluthi mbili au zaidi, mfuniko umekaza. Iliyo nusu hupoa haraka.
4. Itie kikapuni mara moja, funika kwa mto. Saa 3 hadi 4 bila kufungua.
5. Irudishe motoni ichemke dakika 10, ndipo ukaange.

Ukifungua na kukuta chakula ni vuguvugu, kikapu chako kinavuja joto. Chemsha upya na uongeze sponji. Mchele uchemke dakika 5, kikapuni dakika 40. Ugali haupikiki humo. Maji ya chai yachemshe mara moja asubuhi, mengine yaingie kwenye thamosi.

Jiko la makaa lisilale ndani. Baridi ya Julai huwashawishi watu kufunga dirisha na kuota moto. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala moshi, na mtu anaweza kulala asiamke tena. Liwashe nje, pikia mahali pa wazi, na likimaliza kazi libaki nje hata likionekana limezima. Gesi ya mtungi nayo hushuka sakafuni, kwa hiyo acha uwazi chini ya mlango, na ukaguzi wa mpira na kichwa cha mtungi ufanye kwa povu la sabuni. Usitumie kiberiti.

Pasi ya makaa: pasia nguo za wiki mara moja, kwenye makaa yaliyobaki baada ya kupika, ukipepea majivu nje kabla haijagusa shati jeupe.

## Chakula bila friji

Nunua kwa siku. Nyama robo au nusu kilo ipikwe jioni hiyohiyo. Maziwa chukua kwenye ATM ya maziwa kiasi cha siku, yachemshe mara ukifika. Omena kavu, mayai, ndengu na viazi hukaa bila shida.

Mboga za siku tatu nne weka kwenye vyungu viwili: kidogo ndani ya kikubwa, mchanga wa sentimita 3 hadi 5 katikati, umwagilie asubuhi na jioni, gunia bichi juu. Chungu kikae kivulini panapopita upepo. Hufanya kazi vizuri Januari na Februari hewa ikiwa kavu. Aprili, wakati wa mvua, maji hayakauki upesi na hakuna baridi inayopatikana. Nyama na maziwa visiingie humo msimu wowote.

## Mtambo ukikataa

Taa zimezima, skrini haina kitu. Angalia fyuzi. Ikiwa imeungua, tafuta waya uliogusana kabla ya kuweka nyingine. Usiweke kipande cha waya badala ya fyuzi, kwa sababu hapo waya za ukutani ndizo zitakuwa fyuzi.

Kuna jua lakini ampea hazifiki 2. Futa paneli asubuhi ikiwa imepoa, kwa maji na kitambaa. Kisha kagua kivuli kipya, halafu kaza kila skrubu ya kontrola. Skrubu hulegea baada ya wiki chache, kwa hiyo zikaze tena mwezi wa kwanza ukiisha.

Balbu moja hufifia. Pima volti kwenye balbu yenyewe. Tofauti ya zaidi ya nusu volti na betri ni kiungo kibovu.

Betri inajaa saa tatu asubuhi na kwisha saa mbili usiku. Imezeeka. Ile ya asidi ipeleke kwa wanunuzi wa betri chakavu ikiwa nzima na asidi yake ndani. Usiipasue ili kutoa risasi, na usimwage asidi kwenye mtaro: risasi ikiingia kwenye udongo wa ua, watoto wanaochezea hapo ndio huila.